Mcheza kwao hutunzwa, ila kwanza wajue ni kwao

Mhariri,

Nimesoma barua ya yule mzazi anayelalamika kwamba binti yake kasomea udaktari Ohio halafu kapangiwa residensi (yale mafunzo ya kazi hospitalini baada ya chuo cha udaktari) California wakati kwao ni hapa jimbo la Maine, Marekani, na anauliza ina maana hospitali za hapa hazimtaki mtoto wa hapa? Naomba nimjibu kwa heshima, maana njia hiyo nimeipita mwenyewe, nimekulia mji wa Lewiston hapa hapa, nikaenda kusoma mbali, nikarudi, na sasa hivi ni resident, yaani daktari aliye kwenye residensi, wa family medicine (udaktari wa familia) huku huku Maine.

Kwanza mzee wangu, kwenda kusoma nje ya jimbo sio kulikimbia. Chuo cha udaktari chenye makao hapa Maine ni kimoja tu, University of New England, na Tufts ya Boston wana mpango wao wa kuleta wanafunzi kufanya mafunzo ya wodini huku. Wengine wote tunatawanyika, unaenda palipokupokea.

Pili, residensi haiombwi kama kazi ya kawaida kwamba unapeleka barua, wanakupigia, unaanza Jumatatu. Kuna mfumo unaitwa Match, upo tangu 1952, unaendeshwa na shirika liitwalo NRMP. Mwanafunzi anapanga programu alizofanyia intavyuu kuanzia anayoitaka zaidi kushuka chini, programu nazo zinapanga wanafunzi, halafu kompyuta inalinganisha zile orodha, na inaanza na ya mwanafunzi. Linatoka jibu moja tu na linakubana, hakuna kusema hapana mimi nilitaka kule. Kwa hiyo kumuuliza mtoto "si ungechagua nyumbani?" ni kumuonea, huenda alichagua na haikutiki.

Sasa nije kwenye lile ambalo vijana wetu wengi hawaambiwi. Hospitali haijui kwamba wewe ni wa hapa! Anayesoma maombi anaona chuo cha Ohio, anwani ya Ohio, barua za maprofesa wa Ohio, anasema huyu anatupanga tu kama akiba, anapita kwa mwingine. Kwenye ERAS, ile fomu ya mtandaoni ya kuombea residensi, kuna sehemu ya kuchagua kanda unazopenda, hadi tatu kati ya 9, lakini kanda yetu ni New England nzima, yaani majimbo sita, Massachusetts na Connecticut humo humo, kwa hiyo tiki ya mtoto wa Lewiston anayetaka kurudi kwao haina tofauti na tiki ya mtu wa Texas anayeota Boston. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, sawa kabisa, ila watunzaji nao wanapaswa kujua huyu mchezaji ni wa kwao.

Pale kwenye kisanduku kidogo cha kueleza sababu usiandike "napenda mazingira na watu wakarimu", kila mtu anaandika hivyo. Andika nimesoma sekondari hapa, familia yangu ipo hapa, nataka kufanya kazi hapa nikimaliza. Kwenye ile insha ya kujieleza inayoambatana na maombi irudie. Halafu kuna signali, zile alama chache unazozipa programu kuziambia nyie ndio nawataka kweli, na idadi inategemea fani, family medicine wanapewa 5 wakati upasuaji wa mifupa wanapewa 30, kwa hiyo mtu wa family medicine akiacha kuweka hata moja nyumbani asishangae wasipomuita. Na kama chuo chako kinaruhusu, mwaka wa nne njoo ufanye rotesheni, yaani mafunzo ya muda mfupi wodini, ya wiki nne huku, wakuone kwa macho, maana tangu korona intavyuu nyingi ni za kwenye skrini na kwenye skrini wote tunafanana, koti jeusi na ukuta mweupe nyuma.

Kuna swali moja watakuuliza hakika, kwa nini Maine? Mimi niliwaambia habari ya mama zetu wa Kikongo wanaokuja kliniki na mjukuu wa darasa la sita awe mkalimani, na bibi anashindwa kusema tatizo lake la tumbo la chini mbele ya mtoto. Yule daktari aliyekuwa ananihoji aliacha kuandika akaniuliza, wewe unaongea Kiswahili? Intavyuu iliyobaki yote tukaongelea hilo, karatasi yake ya maswali hakuigusa tena.

Na jimbo nalo lina faida yake hapo. Nchi nzima, zaidi ya nusu ya madaktari wanaomaliza residensi wanabaki kufanya kazi jimbo lile lile walilofanyia. Maine ndio jimbo lenye watu wenye umri mkubwa kuliko yote Marekani, wazee wa Aroostook, ile kaunti ya kaskazini, wanaendesha gari masaa kumfuata daktari bingwa, kwa hiyo anayerudi anatafutwa, mradi ajitambulishe.

Lingine fupi kuhusu orodha. Usiweke nyumbani chini eti kwa kuogopa nafasi ya kwanza "itapotea", ukikosa ya kwanza kompyuta inakupeleka ya pili kama kawaida, hupungukiwi kitu. Na kama moyo wako uko Chicago weka Chicago juu, usirudi kwa ajili ya maneno ya watu wa kanisani halafu uwe na kinyongo miaka mitatu.

Kwa wazazi, majibu yanatoka Machi, Jumatatu mtoto anajua kama kapata, wapi kapata anajua Ijumaa. Hizo siku za katikati tafadhali msipige simu kila saa. Na yule binti wa California mwambieni hajachelewa, leseni ya Maine anaweza kuiomba akimaliza residensi, na huku kazi za daktari wa familia hazijawahi kuisha.

Ni mimi,
Resident, Maine