Kifafa si kuanguka na povu peke yake

Mhariri,

Gazeti likiandika juu ya kifafa, mgonjwa ni yule yule: ameanguka, amekakamaa, anatikisika, povu mdomoni. Kwa kumjua huyo tu, tunawaacha watoto wachapwe darasani kwa kosa la kuzubaa.

Mtoto wa miaka 4 hadi 10 anayeganda ghafla katikati ya neno, kope zikipepesa, kisha baada ya sekunde 10 hivi akaendelea na alichokuwa akifanya, huenda ana kifafa cha kuduwaa. Humjia mara nyingi kwa siku. Mwite, mguse: aliyezama katika mawazo hugutuka, huyu hagutuki. Daktari humtaka apumue kwa nguvu na haraka kwa dakika 3, na mara nyingi hali hiyo humjia pale pale.

Asichanganywe na mwenye kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo. Huyu naye hukodoa macho, ila kwa sekunde 30 hadi dakika 2. Hutafuna pasipo chakula, hushikashika nguo, na akizinduka hajui alipo. Dawa ya karbamazepini inayomsaidia huyu humzidishia yule wa kwanza. Kwa hiyo dawa za kifafa haziazimwi kwa jirani, hata kama dalili zinafanana.

Huko Mahenge, tangu miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto wanaoinamisha kichwa tena na tena kama wanaosinzia. Kuinama huko nako ni kifafa, nao ni rahisi kudhaniwa wamechoka.

Kipimo cha umeme wa ubongo chaweza kuwa safi na mgonjwa anacho kifafa. Daktari hutegemea zaidi aliyeshuhudia. Tazameni saa, rekodini kwa simu: mkono upi ulianza, kichwa kiligeukia wapi, aliitika au la, alizinduka vipi. Semeni pia kama alikuwa na homa, malaria au jeraha jipya la kichwa, kwani degedege la homa si kifafa. Kwa kawaida kifafa huthibitishwa kwa matukio mawili yasiyo na chanzo cha namna hiyo, yaliyopishana zaidi ya saa 24.

Anayetikisika mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Zikipita dakika 5 hajatulia, acheni kurekodi, mkimbizeni hospitali.

Wahudumu wa kliniki ya kifafa,
Morogoro