Lango la Kilwa Kisiwani si la Mreno peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Juzi nilikuwa napitia daftari la mjukuu wangu hapa nyumbani Mbagala, nikakuta sentensi iliyowekewa alama ya vema, inayohusu ngome ya kale ya kisiwani Kilwa: "Gereza la Kilwa Kisiwani lilijengwa na Wareno mwaka 1505." Nimefundisha historia miaka mingi, na sentensi hiyo hiyo nimewahi kuiandika ubaoni kwa mkono wangu. Ndiyo maana nataka kuisahihisha hadharani.

Mwaka wenyewe ni sahihi. Julai 1505 Mreno Francisco de Almeida alitia nanga Kilwa na merikebu zake, mji ukaporwa, mtawala wake Amir Ibrahim akakimbia, na Muhammad Ankoni akawekwa atawale kwa niaba ya Wareno. Ngome ikajengwa haraka ufukweni, ikaitwa Santiago; huo ndio mwanzo wa Gereza. Lakini Wareno wenyewe hawakukaa: kufikia mwaka 1512 walikuwa wameshaondoka. Miaka saba tu! Sehemu kubwa ya kinachoonekana leo, lango likiwemo, ni kazi ya wakati wa Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, iliyosimamishwa juu ya mabaki ya ngome ya Mreno. Kati ya ujenzi huo na huu zimepita karibu karne tatu, na daftari la mtoto limezimeza zote.

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, Gereza ndilo linalokupokea, kwa kuwa liko pale pale ufukweni. Simama langoni kabla hujaingia. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na mlango ni wa mbao nzito zilizochongwa, wa ukoo mmoja na milango ya Unguja. Asiye na nauli ya Kilwa ana pa kuonea ndugu wa jengo hilo hapa hapa Dar es Salaam: Boma la Kale, Barabara ya Sokoine, lililojengwa na Sultani Majid bin Said mwaka 1866 na 1867. Nalo lina mlango wake wa nakshi, na nalo nimewasikia watu wakisema ni la Mjerumani. Tunamtaja mgeni aliyepita, tunamsahau fundi wa pwani aliyeshika patasi.

Simtetei Mwomani. Naye alikuja na majahazi kutawala, na sultani wa mwisho wa Kilwa alipelekwa uhamishoni Muscat katika miaka ya 1840. Wala Kilwa yenyewe haikuwa safi: mwaka 1776 sultani wake alikubaliana na Mfaransa aitwaye Morice kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Watoto waambiwe na hayo pia, wakiwa wamesimama pale pale.

Alichotuachia Mreno bila ubishi ni jina. Gereza limetoka katika neno lake "igreja", yaani kanisa. Kwetu likawa ngome, kisha likawa nyumba ya wafungwa. Somo zima la historia limo katika neno hilo moja, nasi tunalipita.

Bahari nayo imelitafuna jengo hilo. Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, zikatolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati.

Ombi langu ni kwa walimu wenzangu wa Dar es Salaam wanaopeleka wanafunzi kusini kwa Barabara ya Kilwa. Andikeni ubaoni hivi: lilianzishwa na Wareno mwaka 1505, likaachwa mwaka 1512, likajengwa upya wakati wa Waomani. Mjukuu wangu nimeshamwandikia hivyo pembeni mwa daftari, na nimemwomba amwonyeshe mwalimu wake kwa heshima zote.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam