Barua kwa mpwa wangu aliyenyang'anywa sauti

Mpwa wangu mpendwa,

Jumamosi iliyopita tulikusanyika sebuleni kwa mama yako kuitazama tamthilia uliyoigiza, na ulipotokea mlangoni na sinia la chai mkononi, nyumba nzima ikanyamaza. Ukafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu mwingine. Mama yako alidhani runinga imeharibika, akaomba rimoti. Usiku huohuo ukaniandikia kwamba unaacha kuigiza, kwa kuwa mwigizaji aliyenyimwa sauti yake hana alichobakiwa nacho.

Kabla hujaamua, nakuomba unisikilize habari za Marcello Mastroianni, mwigizaji maarufu wa filamu wa Italia, ambaye yalimpata hayohayo.

Alizaliwa Septemba 1924 huko Fontana Liri, mji mdogo ulio kusini-mashariki mwa Roma. Baba yake alikuwa seremala. Akakulia Turin, kisha Roma, na mwaka 1939 alipita mbele ya kamera akiwa mmoja tu wa watu wa umati. Wakati wa vita alichora ramani. Wajerumani walipoikalia Italia alifanyishwa kazi chini yao, akatoroka na kujificha Venice. Amani iliporudi akawa karani wa hesabu katika ofisi ya wasambazaji wa filamu mjini Roma, mchana akihangaika na tarakimu, jioni akifanya mazoezi na kikundi cha maigizo cha chuo kikuu. Najua nawe unatunza vitabu vya duka, ndiyo maana sikuliruka jambo hili.

Mwaka 1948 mwongozaji Luchino Visconti alimchukua katika kundi lake. Alianza na nafasi ndogo katika mchezo wa Shakespeare kwenye ukumbi wa Eliseo mjini Roma, mbele ya mandhari yaliyobuniwa na mchoraji Salvador Dalí. Mwaka uliofuata kundi hilo lilicheza A Streetcar Named Desire, mchezo wa mwandishi wa Kimarekani Tennessee Williams, na yeye akapewa nafasi ya Mitch, yule rafiki mpole, huku Vittorio Gassman akiwa Stanley, mwanamume anayetawala jukwaa. Mchezo uliporudishwa mwaka 1951, Stanley alikuwa Mastroianni. Huenda hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwamba aliuingia mchezo uleule kwa mlango mwingine.

Katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1950, Italia ilimwona katika filamu ya Luciano Emmer, Domenica d'agosto. Amevaa sare ya askari wa trafiki, uso ni wake, midomo inacheza, lakini anayesikika ni mwigizaji mwingine, Alberto Sordi. Kwa Waitaliano wa wakati ule kuingiza sauti baada ya kupiga picha ulikuwa utaratibu wa kazi, lakini sidhani kama utaratibu humpunguzia kijana wa miaka 25 uchungu wa kujiona anasema kwa koo la mwenzake. Jukwaani, hata hivyo, hakuna awezaye kumsemea mtu, na huko ndiko alikoendelea kurudi kwa Visconti, mchezo baada ya mchezo. Mwongozaji Federico Fellini alipomfanya mhusika mkuu wa filamu ya La dolce vita, iliyotoka mwaka 1960, miaka zaidi ya kumi ilikuwa imepita tangu usiku ule wa Eliseo.

Kikundi chenu cha maigizo cha Alhamisi bado kinakutana? Nauli ya mwezi huu nitakutumia mimi. Wakikupa mistari miwili tu ya kusema, niambie siku, nije nikae safu ya nyuma kabisa nione kama sauti yako inanifikia.

Mjomba wako