Usisubiri ngozi iwe nyekundu

Mwanangu mpendwa,

Swali lako la juzi halikuwa la kujibiwa kwenye simu. Uliuliza kwa nini ngozi ya shingo yako kwa nyuma imeanza kujikunja ilhali hujawahi kuungua na jua pale. Jibu ninalo, na ndilo linalonifanya nikusumbue kila siku kuhusu kofia.

Kinachoishikilia ngozi ni kolajeni: nyuzi tatu za protini zilizosokotwa pamoja, imara kama kamba ya katani. Mionzi ya jua isiyoonekana, ile ya urujuanimno, ikigusa seli, vipokezi vilivyo juu yake huamka ndani ya dakika chache. Navyo huziamsha protini za ndani, ERK, JNK na p38. JNK huiamsha c-Jun, ambayo huungana na mwenzake c-Fos na kuwa AP-1. Hiyo AP-1 ndiyo inayowasha jeni za vimeng'enya, yaani protini zinazokatakata nyingine, na cha kuogopwa hapo ni MMP-1: hukata kolajeni mahali pamoja tu, robo tatu huku, robo kule, nayo hufumuka yote. MMP-9 humalizia vipande. Baya zaidi, AP-1 hiyohiyo huidhoofisha TGF-beta, protini inayoiamuru seli itengeneze kolajeni mpya. Yaani ya zamani inakatwa, na mpya haiji.

Usivichukie vimeng'enya hivyo. Ulipochubuka goti ukiwa mdogo, ndivyo vilivyoondoa tishu iliyoharibika, kidonda kikafunga. Mwili pia una protini za kuvizuia, zinaitwa TIMP. Ubaya ni kuvichokoza kila siku.

Sasa nisikilize vizuri. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba hata mionzi kidogo, isiyotosha kuifanya ngozi nyeupe iwe nyekundu, inatosha kuviamsha vimeng'enya hivyo. Na wewe kwa ualbino wako huna melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuikinga. Ndiyo maana shingo imeharibika bila kuungua.

Baridi ya Arusha isikudanganye, mama. Huko ni juu kuliko Moshi, na kadiri unavyopanda ndivyo mionzi inavyozidi. Mawingu hayaizuii yote. Kioo cha Coaster nacho huzuia sehemu kubwa ya UVB, aina moja ya mionzi hiyo, lakini aina nyingine, UVA, inapita, na hiyo ndiyo inayozama hadi kwenye kolajeni. Ukija nyumbani kaa upande wa kivuli, hata ikibidi usubiri gari linalofuata.

Habari za saratani ya ngozi tulishazungumza, sirudii.

Kesho shangazi yako anakuja huko, nimempa Kilisun, yale mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapa Moshi. Paka kabla ya kutoka, shingoni na nyuma ya masikio pia, na mchana urudie. Tarehe yako ya kliniki ya ngozi katika hospitali ya KCMC iko palepale. Usiiahirishe kwa ajili ya majaribio ya chuo. Kama kuna mwalimu wa kuombwa ruhusa, nipe namba yake nimpigie mwenyewe.

Mama yako