Kwa dada wa mwavuli mwekundu, Uyole

Dada, jina lako sikuuliza, uniwie radhi. Nilikuwa na mama kwenye foleni ya kituo cha kuandikisha wapiga kura, mvua inanyesha, nikiamini kadi yake ya mpiga kura ya Makete ingemtosha kupigia kura hapa Mbeya. Wewe ndiye uliyetushtua: aliyehama lazima ahamishe taarifa zake kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, maana unapiga kura kituo ulichoandikishwa. Kisha ukamwachia mama nafasi yako. Vidole vyake vimesagika kwa jembe la viazi, mashine ya alama za vidole ikavikataa mara mbili. Ukavifuta kwa pindo la kanga yako, kimoja kimoja, vikasomeka. Na kijana wangu, atakayetimiza miaka 18 kabla ya siku ya kura, ameandikishwa kwa neno lako. Mama hataki hata nimshikie ile kadi! Ndaga fijo, asante sana, dada.