Barua kwa mwanangu: asubuhi zetu za Clarkston

Clarkston, Georgia
Juni 2025

Kwako Mama yangu mdogo,

Nakuita Mama kwa sababu jina lako ni la mama yangu mzazi, na kwetu mtoto aliyebeba jina la mkubwa huitwa kwa heshima ya mkubwa huyo. Siku utakapoweza kuisoma barua hii mwenyewe, haya ninayokuandikia yatakuwa yamekutoka yote. Mtoto wa miaka miwili hana kumbukumbu ya kumfikisha mbali. Basi acha niyaandike mimi, sasa hivi ambapo bado yanatokea kila siku.

Nyumba yetu inaendeshwa kwa zamu. Mama yako hutoka alfajiri kwenda kufanya kazi hotelini, mimi narudi kutoka ghalani ambako nimepakia mizigo usiku kucha. Tunapishana mlangoni. Yeye ananipa wewe, mimi nampa funguo za gari, tunaulizana mawili matatu, anaondoka. Watu wakisikia hivyo hunipa pole. Naipokea pole yao kwa moyo mweupe, lakini ukweli ni kwamba saa zile kuanzia mama yako anapofunga mlango mpaka adhuhuri, tunapolala wote wawili kwenye mkeka sebuleni, ndizo saa ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kuishi.

Ukishakunywa uji, unakwenda mlangoni kuchukua viatu. Unavivaa kinyume, unakataa kusaidiwa, unasema "mimi, mimi," na mimi nakaa chini nikikutazama hadi umalize. Kisha tunakwenda kutazama treni.

Kutoka kwetu hadi relini mtu mzima hatembei hata dakika kumi. Sisi inatuchukua asubuhi nzima. Kuna siafu wa kuchungulia, kuna mfuniko wa chemba lazima uruke juu yake, kuna kindi wanaopanda mwaloni huku wakizunguka shina ili tusiwaone, nawe unazunguka nao. Kuna ndege mwekundu anayekaa kwenye uzio wa jirani, mwekundu mzima mpaka kishungi. Kila siku unanionyesha kama vile sijawahi kumwona, nami kila siku nastaajabu nawe, na mshangao wangu ni wa kweli. Kabla yako nilipita kwenye uzio ule mara nyingi na sikujua kwamba pana ndege.

Mji huu ulikuja baada ya reli. Ulisajiliwa kuwa mji mwaka 1882, na mpaka leo treni za mizigo zinaupasua katikati. Kengele inalia, taa nyekundu zinapokezana, vizuizi vinashuka, magari yanajipanga pande zote mbili. Walio ndani ya magari wanatazama saa. Wewe unapiga makofi. Kichwa cha treni kikipita, ardhi inatetemeka hadi tumboni, unanishika mguu kwa mikono yote miwili lakini macho huyafumbi. Halafu tunahesabu mabehewa: moja, mbili, tano, kumi, mbili. Kuna yaliyobebeshwa makontena mawili mawili, moja juu ya jingine, kuna ya mafuta, kuna yaliyo matupu. Siku moja dereva alikupungia mkono na kupiga honi fupi. Wiki nzima ulimsimulia kila mtu habari hiyo kwa maneno yako, na mama yako alilazimika kuisikiliza upya kila jioni.

Behewa la mwisho likipita unasema "tena." Sina namna ya kuirudisha treni, Mama. Kwa hiyo tunakaa kwenye nyasi, mbali na reli, tunaisubiri nyingine.

Hapo ndipo pana jambo ninalotaka ulijue. Mimi nilikulia katika kusubiri. Vita vilipofika kwetu Zaire, ambayo leo ni Kongo, mwaka 1996, wazazi wangu walituvusha Ziwa Tanganyika kwa boti mpaka Kigoma, na kutoka hapo tukapelekwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, iliyofunguliwa mwaka huo huo. Pale tulisubiri mgao. Tulisubiri amani ili turudi. Baadaye tukasubiri usaili, kisha matokeo ya usaili, kisha majina yabandikwe kwenye ubao. Mtu alikuwa akijenga nyumba ya tope bila kutaka iwe nzuri sana, maana huenda mwakani asingekuwepo. Watu walizaa, wakaoa, wakazeeka katika hali hiyo. Niliposhuka uwanja wa ndege wa Atlanta nilikuwa mtu mzima, na tabia ile nilikuja nayo. Nilifanya kazi nikisubiri kazi nyingine. Nilipanga nyumba nikisubiri mji mwingine.

Sasa nakaa kwenye nyasi na wewe tukisubiri treni, na sitaki ije haraka. Unanipa majani, nayapokea. Unayataka, nakurudishia. Hakuna ninachokihesabu. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kusubiri huku ameshafika.

Udongo wa huku ni mwekundu. Hilo lilinishika moyo siku za kwanza, na sasa ndilo furaha yako kubwa. Wale wanaofikiri Marekani yote ni lami waje Georgia mvua ikinyesha. Majira ya joto mawingu hujikusanya alasiri, radi inapiga, inamwagika kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha jua linarudi na mvuke unapanda kutoka barabarani. Nyuma ya jengo letu, pale nyasi zilipokufa, panakuwa na madimbwi ya rangi ile ile ya barabara za Kasulu. Unaingia. Unakaa. Unajipaka magotini kwa makini sana. Doa la udongo huu halitoki kwenye nguo, ndiyo maana una magauni mawili ya tope ambayo mama yako ameyakatia tamaa. Nakusogelea nikiwa peku, na sote wawili miguu inakuwa ya rangi moja. Bibi yako nikimpigia simu ya video anakuona hivyo anacheka hadi anafuta machozi. Ananiambia, "Huyo ni wewe kabisa."

Ukitaka kujua ulilelewa na nani, usiishie kwetu wawili. Ghorofa ya chini anaishi bibi aliyetoka Bhutan. Watu wake walifukuzwa kwao, wakaishi kambini Nepal tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya kuletwa huku. Kwa hiyo naye anaijua kazi ya kusubiri, ingawa hatuna lugha ya kuizungumzia. Ameotesha haradali na pilipili kwenye ndoo kando ya ngazi. Unamkuta asubuhi akimwagilia, unaunganisha viganja kifuani na kumwinamia, kwa sababu ndivyo alivyokufundisha. Anakukabidhi kopo dogo, nawe unamwagilia ndoo moja, ile ile kila siku, imelowa kuliko zote.

Mtaa wa pili kuna mama mzee Mmarekani mweusi, mwenyeji wa hapa hapa Kusini mwa Marekani, anayekaa barazani kwake kwenye kiti cha kubembea. Sikujua mwanzoni kama ni ruhusa kumsalimia mtu aliye barazani kwake. Kumbe huku ni kosa kutomsalimia. Madereva hukunyanyulia vidole juu ya usukani hata kama hawakujui, na mtoto akiulizwa swali na mkubwa, hutakiwa kujibu "yes, ma'am" au "yes, sir." Nilipoliona hilo nilitulia. Mtu aliyekuzwa kwa shikamoo hawezi kupotea katika mji wa namna hii. Unamwambia mama yule "yesi mam" na kwa wazee wetu wa kanisani unasema "kamoo," na juzi ulichanganya ukampa yeye ile ya kanisani. Nikamweleza maana yake. Alikaa kimya kidogo, akanyoosha mkono akakugusa kichwa, akaniambia nisiache kukufundisha.

Huyo ndiye aliyetuletea chungu cha kunde na sufuria ya sukuma wiki siku ya Mwaka Mpya. Watu wa Kusini hula vyakula hivyo viwili siku hiyo kwa kuomba heri ya mwaka. Kunde zilivuka bahari pamoja na watu wa Afrika waliouzwa utumwani, bamia vilevile, na vizazi vyao wakazipanda katika udongo huu. Ulikula kunde zile kwa mkono, moja moja, ukakataa kijiko. Na karanga! Huku kandokando ya barabara wanauza karanga mbichi zilizochemshwa kwa chumvi na maganda yake, kama za kule stendi ya Kasulu. Nakumenyea, nakupondea kati ya vidole, unafungua mdomo kabla mkono wangu haujafika.

Jumamosi mama yako akiwa na mapumziko, tunakwenda wote watatu DeKalb Farmers Market, kule Decatur. Ni soko kubwa la ndani ya jengo, lenye baridi ya kutosha sweta, na juu darini zimening'inizwa bendera za nchi nyingi sana. Wewe unakaa kwenye toroli ukiwa umeinua uso muda wote. Mama yako anatafuta ndizi za kupika, sombe, yaani kisamvu, na ndagala, yaani dagaa. Mimi kazi yangu ni kukusukuma polepole chini ya bendera. Wafanyakazi wa pale wanatoka kila upande wa dunia, na vitambulisho vyao vifuani vinaandikwa lugha wanazozungumza. Ukimsikia mtu anasema Kiswahili unageuka haraka, unamkodolea macho, unamwonyesha kiatu chako.

Machi na Aprili chavua za misonobari zinafunika mji mzima rangi ya njano: magari, ngazi, madimbwi. Mimi hupiga chafya, wewe huchora kwa kidole kwenye kioo cha gari. Januari hii, tarehe 10, ilianguka theluji, kitu kisichotokea hapa kila mwaka. Mji ukasimama, shule zikafungwa, kazini wakatuambia tusije. Uliishika, ukailamba, ukalia kwa baridi, ukataka kurudi nje. Tulikuwa nyumbani wote watatu siku nzima, siku ya kawaida ya wiki. Sijui niiweke wapi furaha ya siku ile.

Nilikubeba pia kwenda Stone Mountain, jabali kubwa lililo mashariki mwa mji wetu, mgongoni kwa kitenge cha mama yako. Njia ya kupanda ni kama maili moja juu ya mwamba mtupu. Ulilala nusu ya njia, ukaamka kileleni penye upepo, ukaona maghorofa ya Atlanta kwa mbali ukasema "treni," kwa kuwa kila kitu kirefu kwako ni treni. Ubavuni mwa jabali hilo wamechongwa wanaume watatu juu ya farasi, viongozi wa upande uliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ili utumwa usikomeshwe. Kazi ya kuwachonga ilikamilika mwaka 1972. Na jabali hilo hilo Martin Luther King alilitaja kwa jina mwaka 1963 mjini Washington, akitaka uhuru usikike kutoka juu yake. Utaniuliza juu ya hayo ukiwa mkubwa, nami nitakujibu yote bila kukuficha. Siku ile niliona inatosha kwamba nilikusimamisha pale juu kwa miguu yako miwili, ukakimbiza kivuli cha wingu.

Jioni ninapojiandaa kwenda kazini, mama yako anakutoa nje kuona vimulimuli. Vinaanza kuwaka chini kwenye nyasi, halafu vinapanda kidogo kidogo kuelekea mitini, na nyenze wanapiga kelele hadi unaziba masikio. Unakimbia na viganja vimefunguka, haukamati hata kimoja, na hujali. Ninaondoka nikiwa nimeuona mchezo huo kwa dakika chache tu, na dakika hizo hunivusha usiku wote wa ghalani.

Ukifika miaka minne utaanza shule ya awali. Jimbo la Georgia huiendesha bila ada kwa watoto wa umri huo, kwa fedha za bahati nasibu ya jimbo. Nataka uende, usome, uwapite wote. Najua pia kwamba siku hiyo asubuhi zetu zitakwisha, na kengele ya treni italia nikiwa peke yangu kitandani. Sijaanza kuihuzunikia. Leo tulikwenda, tukaona treni mbili, ya pili ilikuwa ndefu mno ukachoka kuhesabu ukaketi mapajani mwangu.

Ukiwa na swali juu ya lolote kati ya haya, njoo uniulize. Hata ukinikuta nimelala baada ya zamu, niamshe.

Ni mimi baba yako.