Barua kwa mwanangu: injini isifunguliwe bado

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na ugonile. Huku tuko salama, ila baridi la Juni limeshatukamata. Asubuhi naosha vyombo kwa maji ya moto, na jirani zetu wanatoka shambani kabla ya saa kumi na moja jioni. Najua huko Njombe ni zaidi ya huku, basi usitoke bila sweta.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema fundi alifungua kifuniko cha oili cha Toyota IST yako akakuta ute mweupe kama maziwa ya mgando, akautazama moshi mweupe unaotoka kwenye ekzosi asubuhi, akakwambia hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na mwili wa injini, imekufa na injini lazima ifunguliwe. Unauliza ukope wapi. Nimeona nikuandikie barua ndefu badala ya kukujibu kwa simu, uwe nayo mkononi ukirudi kwake. Usikope bado, na injini isifunguliwe bado.

Simwiti fundi huyo mwongo. Huenda yuko sahihi. Lakini dalili mbili alizozitumia zinaweza kutolewa na gari zima kabisa linalolala nje huko Njombe mwezi huu. Petroli ikiungua hutoa maji pamoja na moshi. Wakati wa joto mvuke huo hauonekani. Asubuhi ya baridi unaonekana kama pumzi yako inavyoonekana ukiongea. Ukiendesha robo saa ukauona umepotea, huo ni mvuke tu. Na ule ute chini ya kifuniko ni mvuke huohuo: hupanda ndani ya injini, hukutana na kifuniko ambacho ndicho sehemu ya baridi kuliko zote, hugeuka maji na kuchanganyika na oili. Injini ikipata moto wa kutosha, maji hayo hukauka. Lakini wewe kutoka nyumbani hadi ofisini ni dakika saba. Gari lako linazimwa kabla halijapata moto.

Sasa nikueleze kilichonishtua. Mwishoni kabisa, kama kitu cha kupita, umeandika: "Halafu mama, hita nayo haipashi, inatoa vuguvugu tu hata nikienda Makambako." Mwanangu, kutoka Njombe hadi Makambako ni kama kilomita 60. Injini iliyokwenda umbali huo inatakiwa itoe hita ya kukuvua sweta. Na uliniambia tangu mwezi wa nne kwamba gari lako linakunywa mafuta kuliko IST ya mwenzako wa kazini. Nikiyaweka hayo pamoja, nadhani gari lako halina thamostati.

Thamostati ni kidude kidogo cha chuma kinachoenea kiganjani. Ndani kina nta na springi. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia ya maji ya rejeta ili injini ipate moto haraka. Joto likifika nyuzi 82 hivi kwa injini kama yako, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kupozwa. Kikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Dar es Salaam kwenye foleni mtu anaweza asione tofauti. Njombe injini haipati moto siku nzima, na kompyuta ya gari inaendelea kudhani ndiyo kwanza imewashwa, kwa hiyo inazidisha petroli. Petroli isiyoungua inateremka na kuchafua oili. Mvuke haukauki. Hita haina joto la kukupa. Tazama sasa malalamiko yako yote manne yanavyokaa kwenye kitu kimoja.

Kwa nini mtu akitoe? Kwa sababu gari lilichemsha, na fundi hakutaka kutafuta chanzo. Hilo nalijua kwa kuwa lilinipata mimi.

Unaikumbuka Corolla ya baba yako. Mwaka mmoja baada ya yeye kututoka, tulikuwa tunarudi kutoka Dar, wewe umelala kiti cha nyuma. Pale Ruaha Mbuyuni jua lilikuwa kali, nikaanza kuupandisha Mlima Kitonga nikiwa nyuma ya malori, gia ya pili, kiyoyozi kimewashwa. Mshale wa joto ukapanda. Niliuona. Nikajiambia nifike kona inayofuata, kisha nyingine, kwa sababu nilikuwa na mtoto na malori yalikuwa nyuma yangu. Nilipopata pa kuegesha mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Nilishika kitambaa nikataka kufungua kifuniko cha rejeta, na dereva mmoja wa lori akanidaka mkono. Alinikalisha pembeni saa nzima kabla hajaruhusu mtu akiguse. Leo nikimwona mtu anakimbilia kufungua rejeta ya moto, moyo wangu unaruka.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alitoa thamostati, akasema sasa halitachemsha tena. Kweli halikuchemsha. Lakini kwa miaka miwili nilinunua petroli ya mshahara wa mwalimu bila kujua naimwaga wapi. Kisha mzee mmoja fundi wa Mwanjelwa, ambaye hakupenda maneno mengi, alikichukua kile kifuniko cha rejeta, akakibonyeza kwa dole gumba, akanipa nami nikibonyeze. Springi ilikuwa imelegea kabisa. Akanieleza hivi: huku juu maji ya kwenye sufuria hayangoji nyuzi 100. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe mapema kidogo zaidi. Kifuniko kinafunga shinikizo ndani ya rejeta ili maji yapite nyuzi hizo bila kuchemka. Kikilegea, mlima mmoja unatosha. Kifuniko kipya kilikuwa rahisi kuliko nusu tanki la mafuta. Akarudisha na thamostati, na nilipofika nyumbani nililia, si kwa pesa tu. Nilikuwa nimekaa miaka miwili nikiamini gari la marehemu limezeeka, kumbe lilinyimwa kitu kidogo.

Basi Jumamosi fanya hivi. Asubuhi, gari likiwa limelala na injini ni baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uone maji yamejaa au yamepungua, na yana rangi gani. Kulanti nzuri, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, ni safi, iwe nyekundu au kijani. Maji ya kutu yanamaanisha mtu alikuwa anajaza ya bomba. Funga vizuri, washa, halafu gusa hozi mbili za rejeta kwa mkono, ukiwa mbali na feni maana inaweza kujiwasha yenyewe. Penye thamostati, hozi ya chini hukaa baridi muda mrefu kisha hupata moto kwa mkupuo. Hozi zote mbili zikipata uvuguvugu polepole pamoja tangu mwanzo, huenda hakuna kitu ndani. Kisha mwombe fundi afungue pale hozi ya chini inapoingilia kwenye injini, muangalie wote wawili kwa macho. Hiyo ni kazi ndogo, haifanani hata kidogo na kufungua hedi.

Mkikuta thamostati ipo na ni nzima, hapo ndipo msikilize fundi kuhusu gasketi, lakini muulize ushahidi mwingine. Maji yanapungua bila kuvuja popote? Oili ni nyeupe hadi kwenye kijiti cha kupimia, si kwenye kifuniko tu? Mapovu yanatoka kwenye rejeta injini ikiunguruma? Hozi zinakuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha gari lililolala? Moshi mweupe unaendelea hata gari likishapata moto? Na apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda. Majibu yakiwa ndiyo, nipigie, tutauza lile debe la maharage na mengine tutaona.

Maswali yako mengine nitayajibu, ingawa hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Oili. Usikubali ile nzito ya namba 40 kwa maneno kwamba gari lililotumika linahitaji oili nzito. Asubuhi ya baridi inakwenda kama asali, na wakati huo vyuma vya juu vinasagana vikavu. Chukua nyepesi ya 5W-30, badilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Na ukinunua dumu la lita 4 usiruhusu wamimine lote. Injini yako haifikishi lita 4. Wapime kwa kijiti, kinachobaki weka kwenye buti cha kuongezea.

Mkanda wa taimingi. Aliyekwambia ubadilishe kwa kuwa gari limefika kilomita 100,000 amelichanganya na magari kama Corolla ile, ambayo kweli ilikuwa na mkanda na ilibidi ubadilishwe kwa kipimo hicho. IST yako ina cheni. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa. Inaharibiwa na oili chafu, na ikichakaa utaisikia inakwaruza sekunde chache unapowasha asubuhi. Kama husikii, usilipe. Mkanda wa nje unaozungusha alteneta ni kitu kingine, huo ukaguliwe kama una nyufa.

Haidroliki ya giaboksi ni swali zuri, na hapa usiwe na haraka. IST za umbo la kwanza kama yako zina gia nne za otomatiki na zinatumia haidroliki iitwayo T-IV. Za umbo la pili, zilizoanza kutengenezwa mwaka 2007, nyingi zina CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, na haidroliki yake ni tofauti kabisa. Nimeona giaboksi ikifa kwa sababu mtu alimimina iliyokuwepo dukani. Soma jina kwenye chupa mwenyewe kabla haijafunguliwa.

Betri kuchelewa kuwasha saa kumi na mbili asubuhi si lazima imekufa. Baridi hupunguza nguvu ya betri na huongeza uzito wa oili kwa wakati mmoja. Ule unga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi, ukishachomoa waya, ukianza na wa hasi. Kisha wapime kwa mita: gari likiwa limezimwa usiku kucha isome karibu volti 12.6, na injini ikiunguruma ifike 14 hivi. Ikibaki 12 injini ikiwa imewashwa, tatizo ni alteneta na betri mpya itakufa vilevile.

Umesema Desemba unataka kwenda Dar na gari hili. Sitakukataza. Lakini kutoka kwetu Kitonga unaanza kwa kuteremka, na kuteremka ndiko kunakoniogopesha zaidi. Kabla ya safari badilisha mafuta ya breki. Hayo hufyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakiwa na maji ndani, breki zikipata moto yanachemka kwenye mabomba. Unakanyaga pedali inazama kama unakanyaga sifongo. Padi zikiwa zimebaki milimita tatu usiende nazo. Pale juu ya mlima, weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, acha injini ilishike gari, na breki zikanyage kwa vipindi, si kuziburuza mlima mzima. Usitie niutro hata mtu akuambie unaokoa mafuta. Magari ya sindano kama lako, yaani yasiyo na kabureta, hukata petroli yenyewe yakiteremka kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kwa hiyo niutro ndiyo inayokula zaidi, na inakunyang'anya injini wakati unapoihitaji.

Ukirudi, mlima huohuo utaupanda baada ya joto la Ruaha Mbuyuni. Zima kiyoyozi kabla ya kuanza kupanda. Joto likianza kupita kawaida, fungua hita yote pamoja na feni yake, itakusumbua lakini inavuta moto kutoka kwenye injini, na tafuta pa kuegesha palepale, si kona inayofuata. Zima, fungua boneti, kaa mbali nayo, subiri hadi injini ipoe. Usimwagie maji ya baridi injini ya moto; hedi inapasuka.

Matairi nayo, nisije nikasahau. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2316, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama kashata zake bado ni ndefu na muuzaji anakwambia ni jipya.

Chukua daftari, liweke kwenye gari. Kila kitu kinachobadilishwa andika tarehe, kilomita na jina la spea, na spea ya zamani urudishiwe mkononi. La Corolla bado ninalo, kurasa za mwanzo ni mwandiko wa baba yako. Ukija nitakuonyesha.

Jumamosi nitakuwa nyumbani, sitakwenda sokoni. Fundi akishafungua pale kwenye hozi ya chini, piga picha ya kilichomo, au ya tundu tupu, unitumie kabla hajafunga.

Ni mimi mama yako